Mallard na Duchess of Hamilton: nani aliyezivua ganda?

Msomaji ameuliza: "Nina picha mbili za injini ya mvuke ya Uingereza iitwayo Mallard. Katika ya kwanza ina namba 4468, ni ya buluu, na magurudumu yake yamezibwa kwa bati. Katika ya pili ina namba 60022, ni ya kijani, na magurudumu yako wazi. Nimeona pia picha za injini nyingine, Duchess of Hamilton: moja imevikwa ganda la bati mwili mzima, nyingine haina ganda hata kidogo. Je, ni injini zile zile? Na je, ni serikali iliyoamuru zivuliwe ilipotaifisha reli mwaka 1948? Nawezaje kujua picha ni ya miaka gani?"

Ndugu msomaji, injini ni zile zile. Kuhusu serikali, jibu ni hapana, na tarehe zenyewe zinatosha kuwa ushahidi. Bati lililoziba magurudumu ya Mallard na wenzake lilitolewa kati ya 1941 na 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Duchess of Hamilton ilivuliwa ganda lake Desemba 1947, wiki chache tu kabla ya tarehe 1 Januari 1948, siku ambayo kampuni nne kubwa za reli (LNER, LMS, Great Western na Southern) zilifanywa mali ya umma kwa Sheria ya Uchukuzi ya 1947. Waliozivua ni watu wa karakana, kwa sababu za karakana. Serikali ilizikuta hivyo, ikazibadilisha namba na rangi, kisha ikazifanyia jambo moja kubwa ambalo halionekani kwenye picha yoyote. Nitalifikia.

Tuanze na sababu ya ganda lenyewe. Miaka ya 1930 kampuni mbili zilikuwa zikigombea abiria wa kati ya London na Uskochi: LNER iliyopita upande wa mashariki, na LMS iliyopita magharibi. Mwaka 1933 Wajerumani walianzisha treni ya dizeli iitwayo Fliegender Hamburger, kati ya Berlin na Hamburg, na dunia nzima ya reli ikageuza shingo. Nigel Gresley, mhandisi mkuu wa LNER, alikwenda kuipanda. Wajerumani walipopiga hesabu ya kuendesha treni ya namna hiyo kati ya London na Newcastle, walipata saa nne na robo. Gresley aliamini kwamba mvuke ungeweza kufanya vizuri zaidi, tena kwa kuvuta mabehewa mazito na ya starehe. Machi 1935 injini yake ya kawaida, Papyrus, ilifika maili 108 kwa saa, yaani kilomita 174. Hilo likamaliza ubishi.

Septemba mwaka huo huo ikazaliwa treni ya Silver Jubilee, London hadi Newcastle kwa saa nne kamili, ikivutwa na injini mpya za daraja la A4. Ya kwanza, Silver Link, ilitoka karakana ya Doncaster ikiwa na rangi ya kijivu cha fedha, na katika safari ya kuwaonyesha waandishi wa habari iligusa maili 112.5 kwa saa mara mbili. Pua yake ilikuwa ya umbo la kabari, wazo ambalo Gresley alilipata kwenye mabehewa ya injini ya Bugatti huko Ufaransa. Nyuma ya dohani bati lilipewa mbonyeo kidogo, na mbonyeo huo ndio uliokuja kuliokoa ganda zima baadaye. Upepo uliopanda kwenye ile kabari ulibeba moshi na kuupitisha juu ya paa la kibanda cha dereva. Dereva wa injini ya mvuke anachohitaji kuliko kitu chochote ni kuziona ishara zilizo mbele yake.

Hapa nakuomba uzingatie hesabu moja, maana ndiyo kiini cha jibu lote. Nguvu inayopotea kwa kupambana na upepo haipandi sambamba na kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayohitajika kuupasua upepo huzidi mara nane. Vipimo vilivyofanywa kwa modeli za A4 kwenye handaki la upepo vilionyesha kwamba ganda liliokoa takriban nguvu za farasi 41 kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, lakini takriban 139 kwenye maili 90. Injini hizi zilikuwa na nguvu zaidi ya farasi elfu mbili. Kwa hiyo faida ya ganda ilikuwepo, lakini ilikuwepo kwa treni inayokimbia kweli kweli. Treni ikitembea, ganda ni uzito tu.

LMS nao hawakukubali kuachwa. Mwaka 1937 William Stanier alitoa injini za daraja la Princess Coronation, ambazo wengi huziita Duchess, na tano za kwanza zilivikwa ganda la mviringo lenye rangi ya buluu na mistari ya fedha iliyokutana puani. Tarehe 29 Juni 1937 namba 6220, Coronation, ilifika maili 114 kwa saa karibu na Crewe, ikaingia stesheni kwa kasi iliyopita kiasi. Njia panda za pale ziliruhusu maili 20 kwa saa, nayo ilizipita kwa zaidi ya 50. Sahani na vikombe vya behewa la chakula vilimwagika sakafuni, lakini treni ilibaki kwenye reli. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Julai 1938, Mallard ikateremka mteremko wa Stoke kwa maili 126 kwa saa, kilomita 203, dereva akiwa Joseph Duddington na mchochea makaa Thomas Bray. Hakuna injini ya mvuke iliyotambuliwa kuipita hadi leo.

Rekodi hizo zimewafanya watu wengi waamini kwamba ganda ndilo lililozipa injini hizi uwezo. Mimi siamini hivyo, na ushahidi wangu ni Duchess of Abercorn. Namba yake ilikuwa 6234, na LMS waliijenga mwaka 1938 bila ganda kabisa, ikiwa mojawapo ya tano zilizoachwa wazi kwa makusudi. Februari 1939 ilifungwa mabehewa 20 yenye uzito wa tani 605 na kupandishwa milima ya njia ya Crewe hadi Glasgow. Ikatoa nguvu za farasi 3,333 kwenye silinda, kipimo ambacho hakikuzidiwa na injini nyingine ya mvuke ya Uingereza katika majaribio ya namna ile. Nguvu ilitoka kwenye boila, kwenye njia pana za mvuke na kwenye dohani pacha. Bati la nje halikuhusika.

Kisha vita. Septemba 1939 treni zote za kasi zilifutwa kwa pamoja na hazikurudi tena kwa sura ile. Mwendo wa juu ulipunguzwa, na injini zilizobuniwa kuvuta mabehewa saba au tisa zikaanza kuvuta ishirini na zaidi, zimejaa askari hadi kwenye korido. Mafundi vijana walikwenda jeshini. Makaa mazuri yakaadimika. Zile buluu za kupendeza zikapakwa nyeusi.

Jiweke mahali pa mtu wa zamu ya usiku kwenye banda la injini wakati huo. Injini imerudi kutoka safari ya kilomita mia sita. Kazi ya kwanza ni kuzoa majivu yaliyojikusanya kwenye chumba cha moshi, kile kilicho mbele chini ya dohani. Kwenye injini ya kawaida unafungua mlango wa duara, basi. Kwenye A4 unachukua mpini wa chuma, unauchomeka mbele ya ile kabari na kuuzungusha mpaka pua ipasuke katikati, nusu moja ipande na nyingine ishuke. Waingereza waliliita hilo mdomo wa samaki. Baada ya hapo ndipo unaufikia mlango wenyewe. Kwenye Duchess unafungua milango miwili mirefu ya bati kwanza. Kisha inakuja zamu ya oili. Kuna pini, mikono na beringi nyingi kuzunguka magurudumu, na kila moja lazima ipate oili yake kwa kopo la mkononi kabla ya safari. Penye bati, mtu hujipenyeza kwa kupapasa, taa mkononi, gizani kwa sababu ya mabomu. Pini moja ikisahaulika, kesho beringi inaungua njiani na treni ya askari inasimama.

Ndiyo maana yale mabati ya pembeni ya A4 yalikatwa yote katika vita hivyo. Hapakuwa na ubishi wowote wa maana. Lakini sehemu ya juu, ile kabari na mgongo wake, iliachwa, kwa sababu iliendelea kufanya kazi hata treni ilipokwenda polepole: iliondoa moshi machoni pa dereva. Ganda la Duchess halikuwa na faida hiyo. Umbo lake la mviringo lilipendeza, lakini moshi ulilala juu ya boila na kumfunika dereva, na mafundi walizungukwa na bati kila upande. LMS walianza kuzivua Aprili 1946 wakianza na City of Birmingham, wakaongeza vibati viwili vya kusimama mbele ili kuinua moshi. Kati ya 38 za daraja hilo, 24 zilikuwa zimezaliwa na ganda. Ya mwisho kuvuliwa, City of Lancaster, ilifikiwa mwaka 1949, chini ya serikali, ila mpango ulikuwa wa kampuni na karakana ilikuwa ile ile ya Crewe. Zilizovuliwa ungezitambua kwa miaka mingi baadaye: chumba cha moshi kilibaki kimekatwa mshazari juu, kwa kuwa kiliumbwa kikae ndani ya ganda. Duchess of Hamilton ilipata chumba cha duara mwaka 1957 tu.

Sasa tuje 1948. Kitu cha kwanza ambacho Reli ya Uingereza ilifanya ni kupanga namba, maana kampuni nne zilikuwa na namba zilizogongana. Za LMS ziliongezewa 40000, za LNER 60000, na za Southern zikaingizwa kwenye safu ya 30000. Great Western waliachiwa namba zao, kwa sababu zilikuwa vibao vya chuma vilivyosubuliwa, na kuvibadilisha kungekuwa gharama bure. Mallard ilikuwa imekwisha kupewa namba 22 mwaka 1946, pale LNER walipopanga upya namba zao, kwa hiyo ikawa 60022. Duchess of Hamilton ikawa 46229.

Rangi zilisumbua zaidi. Injini kubwa za abiria zilipakwa buluu kuanzia 1949, buluu tofauti na ile ya kabla ya vita, yenye mistari myeusi na myeupe. Haikustahimili moshi na mvua, ilichuja. Kuanzia 1951 na 1952 zikawa kijani cha giza, na hicho ndicho kijani cha picha yako. Baadhi ya Duchess zilipakwa rangi ya damu ya mzee mwishoni mwa miaka hiyo ya 50, na nadhani hakuna rangi iliyozipendeza kuliko hiyo.

La tatu lilikuwa majaribio ya kubadilishana injini, kuanzia Aprili 1948. Injini za kila kampuni ya zamani zilipelekwa kwenye njia za wenzake, nyuma yake likiwa behewa la vipimo. A4 ndizo zilizotumia makaa machache kuliko injini zote za abiria za mwendo kasi. Lakini Mallard iliharibikia upande wa Southern, na A4 nyingine, Seagull, nayo ikaharibikia kazini katika majaribio hayo hayo. Ugonjwa ulikuwa mmoja: beringi kubwa ya silinda ya kati kupata moto. Ugonjwa huo huo ndio ulioisimamisha Mallard pale Peterborough dakika chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia mwaka 1938.

Chanzo kilikuwa ubunifu wa Gresley mwenyewe. A4 ina silinda tatu. Valvu za silinda mbili za nje zina mitambo yake, lakini ya kati haina. Inapata mwendo kupitia mikono inayounganisha zile mbili. Ukiwa mpya, mpango huo ni mwepesi na mzuri. Pini zikilika kidogo, kosa dogo la kila upande hujumlishwa katikati, valvu ya kati inafunguka kupita kiasi, na silinda ya kati inabeba kazi kuliko wenzake. Tena mikono yenyewe ilikaa mbele, mahali ambapo majivu ya chumba cha moshi huangukia. Gresley aliujua udhaifu wa beringi ile: ndani ya pini yake kuliwekwa kichupa cha harufu kali ili chuma kikipata moto kipasuke na harufu imfikie dereva kabla mambo hayajaharibika. Huo ulikuwa uhandisi makini, lakini ulitoa taarifa ya ugonjwa bila kuutibu.

Dawa ilikuja na utaifishaji, na hili ndilo lile jambo lisiloonekana kwenye picha. Mapema miaka ya 1950 Kenneth Cook, aliyekulia kazini Swindon kwenye karakana za Great Western, alihamishiwa upande wa mashariki akasimamia Doncaster. Swindon walikuwa wamezoea kupima fremu na silinda kwa vifaa vya lenzi vya Kijerumani, kila kitu kikae kwenye mstari wake kwa usahihi ambao Doncaster hawakuwahi kuufikia kwa kamba na rula. Cook alileta upimaji huo, akaleta na mtindo wa Swindon wa kutengeneza ile beringi. Zile injini zikaacha kuungua. Kisha mwaka 1957 na 1958, baada ya Peter Townend, msimamizi wa banda la injini la King's Cross, kulishikilia shauri kwa muda mrefu, A4 zote zilizobaki na dohani moja zilipewa dohani pacha kama ile ya Mallard. Gharama ilikuwa ndogo, makaa yakapungua, nguvu ikaongezeka. Mei 1959 ile iliyoitwa Sir Nigel Gresley, namba 60007, ilifika maili 112 kwa saa ikiwa na abiria, kasi ambayo mvuke haukuwahi kuifikia tena Uingereza baada ya vita.

Kabla ya 1948 Swindon na Doncaster walikuwa wapinzani. Fundi wa kampuni moja hakupeleka siri za karakana kwa nyingine. Wanaolaumu utaifishaji kwa kuua injini za Gresley wamelielewa jambo hili kinyume. A4 hazikuwahi kuwa na afya nzuri kama zilivyokuwa katika miaka ile ya mwisho, zikiwa mali ya umma, zikiwa zimekatwa mabati yao.

Hata kiangazi kile cha 1948, zikiwa bado na udhaifu wao, zilifanya kitu kinachostahili kukumbukwa. Agosti mafuriko yalibomoa njia kuu kwenye mpaka wa Uskochi, na treni ya London hadi Edinburgh iliyokuwa haisimami popote ikalazimika kuzungukia Kelso na Galashiels. Njia iliongezeka kutoka maili 393 hadi 408. Wafanyakazi waligundua kwamba kwa kuyatunza maji vizuri wangeweza kuimaliza bila kusimama, wakafanya hivyo mara kadhaa. Wafanyakazi walibadilishana zamu njiani kwa kupita kwenye kile kijia chembamba kilichochongwa ndani ya behewa la makaa, treni ikiwa mwendoni.

Mtu mwingine wa kumtaja ni Robin Riddles, aliyekabidhiwa mitambo yote ya reli ya taifa. Riddles alikuwa amesimama ndani ya kibanda cha 6220 siku ile sahani zilipomwagika Crewe, na mwaka 1939 alisafiri Marekani na injini yenye ganda. Hakuna aliyezijua zaidi. Alipopewa nafasi ya kubuni injini za taifa, kuanzia Britannia ya 1951, aliziacha wazi kabisa: mabomba nje, ubao wa pembeni umeinuliwa juu ya magurudumu, kila pini inafikika kwa mtu aliyesimama chini na kopo la oili. Alikuwa ameona ganda linampa mtu nini na linamnyima nini.

Kuna kundi moja kubwa ambalo serikali kweli ililivua, nalo ni la Southern. Mhandisi wao mkuu, Oliver Bulleid, alitoa injini ya kwanza ya daraja la Merchant Navy mwaka 1941, na baadaye dada zake wadogo 110, West Country na Battle of Britain. Ganda lao lilikuwa na pembeni bapa, na watu walizibandika jina la makopo ya nyama. Bulleid hakulitengeneza kwa ajili ya kasi. Alitaka injini iweze kupitishwa kwenye mashine ya kuoshea mabehewa, kwani watu wa kusugua masizi walikuwa hawapatikani. Ndani alifungia mitambo ya valvu, inayoendeshwa kwa minyororo, kwenye sanduku lililojaa oili ili isihitaji mtu wa kuipaka kila siku. Lengo lilikuwa kumpunguzia mfanyakazi mzigo, na kwa hilo namheshimu sana. Lakini sanduku lilivuja, oili ikalowanisha vitambaa vya boila, na mara nyingine vikawaka moto. Minyororo ilirefuka. Moshi ulishuka mbele ya dereva kila upepo ulipogeuka. Boila, hata hivyo, lilikuwa miongoni mwa bora kuliko yote yaliyowahi kujengwa Uingereza.

Aprili 1953 ekseli ya Merchant Navy iitwayo Bibby Line ilivunjika ikipita Crewkerne, na Merchant Navy zote zikatolewa kazini zikaguliwe. Miaka mitatu baadaye mhandisi Ron Jarvis alianza kuzijenga upya: minyororo ikatolewa, mitambo ya kawaida ikawekwa nje, ganda likavuliwa, boila likabaki. Zote 30 zilibadilishwa hadi 1959, na 60 kati ya zile ndogo. Ya kwanza kutoka karakana, Februari 1956, ilikuwa namba 35018, British India Line. Jina hilo watu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanalijua bila kuelezwa, kwani ni la kampuni ya meli iliyounganisha bandari zetu na Bombay kwa miaka mingi. Zilizobaki na ganda ziliendelea na kazi. Mojawapo, Winston Churchill, ndiyo iliyovuta treni ya mazishi ya mwenye jina hilo Januari 1965.

Kiungo kingine na kwetu ni cha kiufundi. Mwaka 1962 mojawapo ya zile zenye ganda, Fighter Command, ilijaribiwa dohani bapa ya Mwaustria Giesl, inayovuta moto vizuri zaidi. Reli ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, ilizifunga dohani hizo kwenye injini zake nyingi. Ukienda makumbusho ya reli Nairobi utaiona kwenye Mount Gelai, namba 5918. Injini zile hazikuwahi kuhitaji ganda: kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, wala si kushindana na upepo.

Great Western walijaribu kubandika pua za mviringo kwenye injini mbili mwaka 1935 na kuzing'oa kidogo kidogo. Sina zaidi la kusema. Mbili ndogo za LNER zilizovikwa ganda la A4 kwa treni ya Norwich zilivuliwa mwaka 1951.

Sasa picha zako. Mallard yenye namba 4468, buluu na mabati pembeni, ni ya kati ya Machi 1938 na 1941, au ni ya baada ya kustaafu Aprili 1963, iliporudishiwa sura yake ya awali kwa makumbusho. Kama picha ni ya rangi na safi, karibu bila shaka ni ya makumbusho ya York. Ikiwa na namba 22, ni ya 1946 hadi 1948. Namba 60022 kwa buluu yenye mistari ni ya 1949 hadi 1952, na kwa kijani ni ya 1952 hadi 1963. Hapo tazama nembo kwenye behewa la makaa. Simba aliyesimama juu ya gurudumu ni wa kabla ya 1956. Simba anayechomoza kwenye taji akiwa ameshika gurudumu ni wa baada ya hapo.

Kwa Duchess of Hamilton kuna mtego. Ilizaliwa 1938 ikiwa na ganda jekundu lenye mistari ya dhahabu, ikavuliwa 1947, na mwaka 2009 ikarudishiwa ganda jipya lililotengenezwa Tyseley, Birmingham, kwa hiyo picha nyekundu yenye ganda inaweza kuwa ya ncha yoyote kati ya hizo mbili. Na mwaka 1939 LMS walipotaka kuonyesha Coronation kwenye maonyesho ya New York, waliipeleka Duchess of Hamilton badala yake, kwa kuwa ilikuwa mpya zaidi, na kuibadilisha jina na namba. Vita viliikwamisha huko hadi 1942. Ukikutana na picha ya injini nyekundu yenye ganda, kengele mbele, taa kubwa ya Kimarekani na namba 6220, hiyo ni Duchess of Hamilton, na 6220 ya kweli ilikuwa Uingereza wakati huo ikivuta treni kwa namba 6229.